Mfuko Mdogo ni wa Viwavi

4 Aprili
Leo ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu niondoke nyumbani

Kaka,

Simu yangu hupokei. Nimepiga mara tisa, na mara ya kumi akapokea shemeji akasema umeenda kuoga. Hakuna kiumbe anayeoga kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu isipokuwa samaki. Basi naandika. Mambo ya ardhi yanataka karatasi, na najua katibu wa kikundi chenu cha wakulima husoma barua zangu mkutanoni. Asome na hii.

Mama watoto amenieleza mlichofanya. Kila mwanakikundi alipochukua mbegu mpya ya mahindi alipewa mifuko miwili. Mkubwa una mbegu inayoua viwavi, mdogo una mbegu ya kawaida. Mmepanda mikubwa kwenye mashamba yenu. Midogo yote, ya kaya ishirini na sita, mkaikusanya kama takataka za sokoni mkaja kuipanda kwenye ekari yangu. Mke wangu alipotoka na jembe alikuta mistari imeshafukiwa.

Nakukumbusha kazi yangu maana naona umeisahau. Niko katika chumba cha viwavi cha kampuni ya mbegu. Asubuhi nasaga uji wao, naumwaga kwenye vikombe mia nne, kila kiwavi na kikombe chake, maana ukiwaweka wawili pamoja wanakulana. Hapo wanafanana na watu fulani wa nyumba moja. Jioni nawapima, naosha vikombe, narudi chumbani nalala na harufu ile mikononi. Mwashi ninayekaa naye amehamisha godoro lake karibu na dirisha.

Wale tunaowapa jani la mbegu mpya hufa siku ya tatu. Mahindi yale yametiwa kitu cha bakteria fulani wa udongoni, protini, na kiwavi akiila tumbo lake linatoboka. Mtu hadhuriki, tumbo letu si kama lake. Lakini katika maelfu anaweza kutokea mmoja mbishi asiyekufa. Mwaka jana niliwaandikia jambo hili mkacheka sana: mbishi akigeuka nondo, akakosa mchumba wa kawaida, ataoa mbishi mwenzake, na ukoo mzima utakuwa wabishi. Ndiyo sababu ya mfuko mdogo. Ile mistari ni ya viwavi, haipigwi dawa, inaliwa, ili nondo wa kawaida wasiishe na wabishi wakose kuoana wenyewe kwa wenyewe.

Niliandika KILA shamba liache mistari michache. Sikuandika shamba la mtu mmoja liliwe lote ili wengine ishirini na sita washibe.

Nataka neno moja tu. Mavuno ya shamba lako na langu yachanganywe yagawanywe sawa, maana viwavi wangu ndio wanaolinda mahindi yako. Vinginevyo ng'oa mistari yako, ukawalishe viwavi huko kwako.

Mdogo wako

*

19 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imesomwa mkutanoni kama ulivyotaka. Watu walicheka sana pale pa kuoga. Nami nilicheka. Kipaji cha maneno unacho, ungekaa nyumbani ungekuwa msemaji wa harusi.

Sasa nijibu kama mwenyekiti. Miaka mitano tumepanda mbegu hii, na mfuko mdogo tulikuwa tunautupa. Ni wewe uliyetuandikia kuwa tunakosea, viwavi lazima wapewe mahali pao. Tukakusikiliza. Tukakaa kikao, tukauliza nani atatoa mahali. Mmoja akasema ana watoto saba. Mwingine akasema ana mkopo wa ng'ombe. Kila mtu alikuwa na sababu, na wenye sababu walikuwepo kuzisema. Asiyekuwepo hakuwa na sababu. Kura zikapigwa. Mimi sikupiga, nilisimamia tu.

Nijibu pia kama kaka. Uliondoka ukasema miezi mitatu. Baba alipolala kitandani majira yote yale, nani alimgeuza? Nani alimwosha? Alipokuwa anauliza, "Mdogo amefika?" ni mimi niliyekuwa nasema, "Yuko njiani, baba." Nilisema hivyo mpaka siku ya mwisho, nikamzika na uongo wangu masikioni mwake. Wewe ulituma salamu. Ulikuwa unawapa viwavi uji.

Kwa hiyo usinifundishe kugawana sawa. Shamba ni la mwenye jembe, na jembe lako linaota kutu. Mistari ile itabaki. Mkeo amepewa ruhusa ya kuvuna kitakachosalia.

Kaka yako, Mwenyekiti

*

2 Mei

Mama watoto,

Barua hii usimwonyeshe mtu. Ukishaisoma iweke jikoni, kwenye moto.

Ng'oa mahindi yote. Yote, hata mstari mmoja usibaki. Panda viazi vitamu, mvua bado zipo, mtavuna. Mwenyekiti akiuliza mwambie shamba ni lenu.

Najua niliwaambia nini kuhusu mistari ile. Niache. Wakitaka viwavi wawafuge chini ya vitanda vyao.

Wabusu watoto.

Baba watoto

*

15 Mei

Baba watoto,

Nimeng'oa. Siku nne, mimi na watoto, mgongo wangu bado unalia. Viazi vimeshika. Watu walipita barabarani wakasimama kuangalia kama wanaangalia msiba, hakuna aliyesema pole ya kazi.

Swali moja. Mwaka jana uliandika kuwa siku mistari ile ikikosekana kijiji kizima kitalia. Uliandika kwa herufi kubwa. Sasa unasema ning'oe. Je, ulikuwa unatudanganya wakati ule, au unajua unachokifanya sasa? Mimi ni mke, si tingatinga. Nikiambiwa nibomoe napenda kujua ukuta ulikuwa umeshika nini.

Barua niliiweka kwenye moto. Natamani ningeiacha.

Mama watoto

*

1 Juni

Mdogo wangu,

Shamba limeng'olewa. Ekari nzima, msimu katikati. Wanakikundi walitaka kwenda kwa mkeo na fimbo, nikawazuia mimi, usisahau hilo.

Nilimwuliza mbele ya watu, "Shemeji, nani amekutuma?" Akanitazama, akasema, "Mwenyekiti, viazi vinapenda jua, unaniwekea kivuli." Halafu akaendelea kulima. Huyo mwanamke ana ulimi wako.

Sikiliza. Kikao kimeamua hivi. Kama ni wewe uliyeamuru, umehujumu kikundi kwa makusudi ukiwa unajua madhara yake kuliko sisi sote, na ekari ile itatwaliwa iwe shamba la kikundi. Mawe ya mpaka aliyoyaweka baba yatang'olewa. Kama ni mkeo aliyefanya kwa kutojua, ekari itabaki, naye atatolewa kikundini.

Andika. Ni wewe au ni yeye? Jibu litasomwa.

Mwenyekiti

*

12 Juni

Kaka,

Mimi sikuamuru chochote. Niko mbali, mambo ya huko siyajui. Mke wangu alifanya kwa akili zake. Mwanamke akiona watoto wana njaa hafikirii mambo ya nondo.

Mawe ya baba yasiguswe.

Mdogo wako

*

30 Juni

Baba watoto,

Barua yako ilisomwa. Katibu ana sauti nzuri, alisoma taratibu, na pale pa "akili zake" alinyamaza kidogo kama mtu anayemeza. Kaka yako akasema, "Umesikia, shemeji?" Nikasema nimesikia. Wakafuta jina langu kwenye daftari kwa rula, mstari umenyooka vizuri.

Ekari ipo. Hongera.

Nilikuwa nimesimama. Hakuna aliyenipa kiti, na hakuna mtoto niliyemwambia kwa nini siku hizi tunateka maji jioni wakati wengine wameshaondoka kisimani. Mkubwa alisikia shuleni. Akaniuliza, "Mama, ni kweli huna akili?"

Usinipigie. Ukiwa na neno la watoto andika.

Mama watoto

*

9 Februari

Mdogo wangu,

Tangu Juni hujaandika. Mimi nisingeandika pia, lakini nina mzigo wako.

Kopo hili analileta dereva wa lori la mbao. Kifuniko kimetobolewa ili wapumue. Ndani kuna viwavi ishirini niliowatoa kwa mikono yangu kwenye mahindi ya mfuko mkubwa, msimu huu wa pili, pamoja na majani ya mahindi hayohayo. Ile mbegu yako inayotoboa matumbo. Hawa matumbo yao mazima, wananenepa. Shamba langu nusu limekuwa ungaunga. Kwa jirani wa chini ni vilevile, na kwa katibu.

Watu wanasema kampuni yako imetuuzia mbegu ya bandia. Wengine wanasema wewe ndiwe uliyewaleta hao viwavi, kwa hasira, kwenye mfuko wa nguo aliouleta dereva. Mimi nimesema ndugu yangu ni mwongo lakini si mchawi. Sijui kama nimesema kweli.

Wapelekee mabwana zako wawaone. Halafu uje uniambie mbele ya watu hawa wanakula nini kama si ujinga wako.

Mwenyekiti

*

9 Februari

Baba watoto,

Dereva ni yuleyule, kwa hiyo naandika kwa kifupi wakati anakunywa maji.

Mwezi wa tano uliniambia ning'oe yote. Sikung'oa yote. Niliacha mistari sita nyuma ya choo, pale ambapo mwenyekiti hapiti kwa sababu ya harufu. Msimu huu nikaipanda tena kwa mbegu ya zamani aliyokuwa ameitundika marehemu baba mkwe darini. Imeliwa na viwavi mpaka imebaki vijiti. Sikuipiga dawa. Sikupata hata hindi moja la kuchoma.

Sikufanya kwa ajili yako wala kwa ajili ya kaka yako. Mwaka juzi ulieleza vizuri, kwa herufi kubwa, nikaelewa. Basi. Mwenye kutojua alikuwa nani, utalijibu mwenyewe.

Mama watoto

*

20 Februari
Miaka miwili na siku kumi na sita tangu niondoke nyumbani

Kaka,

Barua hii isomwe mkutanoni, yote, tangu juu mpaka chini. Katibu asiruke mstari, na pale panapouma asinyamaze. Mama watoto awepo, na apewe kiti. Kama hakuna kiti barua isisomwe.

Kopo lilifika siku ya nne. Nililifungua juu ya meza ya chumba cha viwavi nikitarajia kuona uozo, kama ulivyotarajia wewe kuniaibisha. Majani yalikuwa yameisha, imebaki mishipa tu. Viwavi kumi na saba walikuwa hai, watatu wameliwa na wenzao. Walioliwa waliliwa kwa njaa, si kwa sumu.

Nilimwita mtaalamu. Ni mama mmoja mfupi tunayemwita Daktari, husema maneno ishirini kwa siku na kumi na tano kati yao ni "osha tena." Akaniuliza, "Hawa wa wapi?"

Nikasema, "Wa kwa kaka yangu."

"Wamekula nini njiani?"

"Jani la mbegu yetu."

Akavua miwani akaifuta, akaivaa. Tukawaweka kwenye vikombe, kila mmoja chake, tukawapa jani bichi la mbegu mpya lililochumwa asubuhi hiyo kwenye banda letu. Pembeni tukaweka viwavi wangu wa kawaida, jani lilelile. Siku ya tatu wangu walikuwa weusi, wamekauka kama uzi. Wenu walikuwa wanajichubua ngozi wakue. Nimefanya kazi hii miaka miwili na sijawahi kuona kitu kama kile, na niliogopa, kaka, kama mtu aliyeona jina lake limeandikwa kwenye jeneza.

Mbegu si ya bandia. Viwavi sikuwaleta mimi. Ni wabishi waliooana wenyewe kwa wenyewe. Miaka mitano mlitupa mfuko mdogo, na ukoo wao ukaanza kidogokidogo, hamkuuona. Mlipoanza kusikia mlitafuta mtu mmoja wa kubeba, mkampata asiyekuwepo. Hilo ni lenu, mtalijibu nyinyi.

Sasa langu.

Daktari aliniuliza, "Kulikuwa na mistari ya kawaida?" Nikasema ilikuwepo. Akauliza, "Ikaenda wapi?" Nikaangalia vikombe. Akauliza tena. Nikamwambia, "Niliamuru ing'olewe."

"Wewe?"

"Mimi."

"Ukijua?"

"Nikijua."

Akaniambia, "Wewe umelisha viwavi miaka miwili hujajifunza kitu kutoka kwao." Siku hiyo hakusema "osha tena."

Basi kikao kisikie. Ni mimi niliyeamuru. Tarehe mbili Mei niliandika barua, nikamwambia mke wangu ang'oe yote na barua aiweke kwenye moto. Tarehe kumi na mbili Juni niliandika nyingine, nikasema alifanya kwa akili zake. Ile ya kwanza imeungua, hii ya pili katibu anayo. Ya pili ni uongo. Niliitoa akili yangu nikamvika yeye ujinga wangu, ili mawe ya baba yasing'olewe. Jina lake lilifutwa kwa rula. Liandikwe upya na rula hiyohiyo, mbele yake, na mtoto wangu mkubwa aitwe aone.

Na mjue hili, ambalo hata mimi sikulijua. Hakunitii. Aliacha mistari sita nyuma ya choo. Nilipomweleza Daktari akasema, "Nondo wa kawaida waliobaki huko, wengi wametoka hapo." Akaniuliza mke wangu amesoma wapi. Nikasema amesoma barua zangu, kabla sijaanza kudanganya. Mistari sita haitoshi kuwaponya, Daktari asije akasikika amesema inatosha. Lakini bila hiyo, anasema, tungekuwa tunaanza na sifuri.

Shamba lako, kaka, na la jirani wa chini na la katibu, mabua yakatwe na kuchomwa yote wiki hii, viwavi wakiwa bado ndani. Najua unasema, "Anataka kunichomea shamba kwa kisasi." Ningetaka. Siku ile ulipoandika habari za baba kuuliza kama nimefika, nilitaka kuchoma moto kila kitu chako. Lakini hili si kisasi, ni dawa, na inaniuma kuwa viwili hivyo haviwezi kutofautishwa kwa macho.

Msimu ujao Daktari analeta mbegu nyingine, ina protini mbili tofauti, mbishi wa moja anauawa na nyingine. Itakuja na mfuko mdogo. Safari hii kila kaya inapanda wake, kwenye shamba lake, upande unaoonekana na barabara. Wa mwenyekiti unapandwa mbele ya mlango wake, na nitaupanda mimi kwa mkono wangu. Utakuwa unatoka asubuhi unawaona viwavi wanakula mahindi yako, na huwapigi dawa, na unasema asante. Ndivyo mke wangu alivyoishi mwaka mzima bila hata kura.

Ekari yangu mkitaka kuitwaa, itwaeni. Mlisema ikiwa ni mimi itatwaliwa, na ni mimi. Sitabisha. Lakini viazi vya mama watoto alivyolima mwenyewe havimo katika hukumu yangu, na mistari sita nyuma ya choo ni yake. Atakayeigusa mistari hiyo atanikuta, na sitakuja na barua.

Habari za baba sitakujibu kwa karatasi. Nitazijibu kaburini, ukiwepo au usipokuwepo. Ukiwepo ukae mbali kidogo, maana sijui mkono wangu utafanya nini, kukushika au kukupiga.

Mama watoto, kwako sina ombi. Nikifika nitasimama nje ya mlango. Ukinipa jembe nitalima. Ukiufunga nitalala kwa mwashi wa pale njia panda, kaka yake huyu mwashi ninayekaa naye hapa, harufu yangu ameshasimuliwa.

Nitafika Alhamisi, tarehe 14 Machi, na lori la mbao, mchana, kabla ya mvua za kupandia. Daktari atakuja na gari la kampuni siku inayofuata.

Mdogo wako